Hatua Sitini za Bibi Tekla

Kijiwe chetu cha Kitomanga kiko mbele ya banda la Huseni muuza kahawa, na mwenyekiti wake ni mimi, Turbo, wapende wasipende. Shule niliiacha darasa la sita, nikaiacha inalia. Asubuhi hiyo mtendaji wa kijiji alikuwa ametuletea barua: kila kijiji kitoe jina la mtu mmoja aliyeutunza mto, apewe cheti mbele za watu. Sisi tulikuwa na jina moja tu, la Bibi Tekla, na mwenyewe hayupo. Mwaka wa pili huu yuko Nachingwea kwa bintiye. Cheti kwetu kilikuwa ujanja tu wa kumrudisha.

— Andika Tekla, nikamwambia Waziri. Jina lake Sipriani, wizara yake kusomea watu barua. Bibi akisikia cheti, nikaendelea, anapanda basi leo leo.

— Niandike alifanya nini?

— Alinifukuza! Kijiji kizima nani kafukuzwa kama mimi? Naosha pikipiki mtoni, povu halijashika, nasikia: "We mtoto wa Umi, toa hilo jini lako kwenye maji!"

— Alijuaje kama upo?

— Alikuwa anaonja, akadakia Nurdin, mfupi wetu, tunamwita Chumvi. Akipiga funda moja anakutajia nani kaoga kule juu, na sabuni gani.

— Kuonja kitu gani! nikasema. Yule alikuwa anaongea na mto. Akikohoa, mto unanyamaza.

— Basi kauhamisha, akasema Chumvi. Kaukunja kama kanga, kautia sandukuni, kapanda nao basi.

Tukacheka, halafu kicheko kikatufia mdomoni. Huseni akamimina kahawa. Siku hizi ina ladha ya magadi, maana maji nayabeba mimi kutoka kisima cha mbali, madumu manne kila asubuhi.

— Na ile ya hatua niiandike? Waziri akauliza taratibu.

Kila mtu akatazama kikombe chake. Sheria inataka mita sitini kutoka mtoni, jembe lisiguse. Bibi Tekla alizipima kwa hatua zake sitini, na Mungu kamjalia miguu mirefu kama korongo. Zilipoishia akafunga vipande vya kaniki kwenye miti: shamba mwisho hapa. Watu wakalalamika mkutanoni kwamba miguu ya bibi inawala mashamba, apime mwingine. Tukamchagua Chumvi.

Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. "Hatua ni hatua!" nikasema, nikapigiwa makofi. Chumvi akatembea kama bibi harusi, na mashamba yakashuka mpaka kwenye matete. Bibi Tekla akafungua kaniki zake, moja moja, bila kututukana. Kesho yake akaondoka.

— Mlinichagua nyie, akasema Chumvi. Miguu yangu ndiyo hii.

— Nani kakulaumu, mwanangu? nikamwambia. Mimi nataka arudi tu. Anitukane hata mara moja.

Hapo akatokea dada Debora, yule binti wa Bibi Tekla, aliyefika jana kuchukua kinu cha mama yake. Tukamwamkia, nikampa nafasi yangu kwenye benchi, jambo ambalo silifanyi hovyo. Waziri akamsomea barua yote.

— Atafurahi, akasema Debora. Kila jioni ananiuliza kama Kitomanga kumenyesha. Nikimwambia kumenyesha, anasema basi mto wake umejaa, anakwenda kulala.

— Si umeona? nikadakia. Mwambie aje hata kesho. Nitampokea stendi mwenyewe.

Debora akaweka kikombe chini.

— Akija, mtampitisha njia ipi?

Waziri akamtazama Chumvi, Chumvi akanitazama mimi, mwenyekiti. Njia ya kuingia kwetu ni moja, na inapita darajani, juu ya mchanga mtupu.