Mikato ya Mzee Fransis kwenye Kompyuta za Vipande

Baada ya miaka ishirini na miwili katika karakana yetu ya Temeke, Mzee Fransis Nampunju anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alikuja akiwa mchonga vinyago aliyechoka kubembeleza watalii Msasani, akaomba kazi ya kutengeneza meza. Meza ya kwanza ilipepesuka. Ya pili tunalia chakula mpaka leo.

Tulipoanza kuunda kompyuta za vipande mwaka 2016, yeye ndiye aliyechonga maboksi yake. Boksi lenyewe halizidi mkate. Dukani Goba unalichomekea kipande cha kutoa risiti, kwenye mashine ya kusaga unalivisha kinga ya vumbi, zahanati unaliongezea betri.

Miaka miwili baadaye akaanza kutia mikato: mmoja kwenye betri, miwili kwenye kipande cha risiti. Tukaisifu tukidhani ni nakshi za kwao Mtwara, hata tukaipiga picha za kipeperushi. Mzee akaendelea kuchonga. Siku moja akampa shikamoo Lulu wa mauzo, binti wa miaka ishirini na mitatu. Tukacheka, tukajua ni utani wake.

Machi mwaka huu Sista Demetria, muuguzi wa zahanati moja Kibamba, alituandikia barua ya shukrani. Umeme ulikatika akiwa kwenye chumba cha dawa kisicho na dirisha, betri ya boksi letu nayo inakata roho. Akapapasa mikato gizani, akaitambua betri ya akiba, akaichomeka, na orodha nzima ya watoto wa chanjo ikapona. Meneja wetu, Bi Sekela, akampa Mzee barua aisome mbele yetu. Akaishika, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Jamani, mie siioni," akasema. "Mwaka wa saba huu napapasa."

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alihofia tungemwondoa kazini, na hospitali hakwenda asije akaulizwa ruhusa ni ya nini. Tuliona aibu, watu kumi na wanne wenye macho mazima. Bi Sekela alilia, akamgombeza, kisha akampigia daktari simu.

Mzee, asante kwa kazi na kwa uvumilivu. Upasuaji ni tarehe 14 Julai, na sote tunakuombea heri na mapumziko matamu. Bandeji ikishafunguliwa, pitia karakanani. Nusu yetu tuliajiriwa ndani ya miaka hii saba. Sauti zetu unazijua, sura hujawahi kuziona.