Mnyanya Uliotundikiwa Dripu

Ndani ya basi, kando ya niliposimama, muuguzi alipakata mkebe wenye mnyanya aliokabidhiwa na mama mkwe wake. Ulikuwa umepauka, shingo imelegea. "Una upungufu wa damu," alimwambia muuza maua aliyeketi kando yake. "Nimeulaza chumbani chini ya taa, nikautundikia dripu ya maji kutwa kucha. Na mwenyewe ananisubiri kituoni!"

Muuza maua akaunyanyua mkebe, maji yakanichuruzikia viatuni, sikuulizwa maoni. "Dada yangu, umeuzamisha! Mizizi inaoza!"

"Miaka kumi wodini, leo nifundishwe mgonjwa na muuza maua?"

"Wa wodini wana midomo ya kukataa!"

Basi zima likaangua kicheko, kisha likasimama. Mlangoni, mama mkwe alikwisha kunyoosha mikono. Muuguzi akavaa tabasamu la kazini. "Mama, mgonjwa anaendelea vizuri."