Mwalimu Ramani na Moto wa Njano

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye ufagio auegemeze ukutani, mwenye mtoto ampakate. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefundisha jiografia miaka kumi na tisa bila kuvuka mpaka hata mmoja. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ramani. Alivuka mpaka mara moja tu, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Alikaa ugenini miezi minne na siku sita. Hakurudi akiwa hai.

Barua ya ufadhili ilimkuta akisahihisha mitihani. Shahada ya uzamili, mwaka mmoja, nchi ya baridi. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anakumbuka: "Aliingia karakana mbio, cheche zinaruka, wala hakujali. Akasema, 'Baba watoto, mimi ni mwanafunzi tena. Nitafutie begi.' Nikamuuliza, na mimi nani atanipikia? Akanijibu, 'Utajua hujui.'"

Wakacheka. Begi likapatikana.

Siku ya kwanza darasani huko, vijana walinyamaza ghafla alipoingia. Walidhani ndiye mhadhiri. Alitafuta kiti cha nyuma, akaketi na daftari lake jipya. Wiki hiyohiyo alitia sweta lake kwenye mashine ya kufulia, likatoka saizi ya mwanasesere. Jirani yake wa chumba cha pili, binti anayesomea famasia, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamfundisha kubonyeza vitufe. Tangu hapo akawa anamwita Shangazi.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ujia. Kitanda, meza, dirisha moja, na hita ya gesi ukutani. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mpole. Baridi ilipoanza, alipanda ngazi mwenyewe akiwa na utepe wa gundi. "Mwanangu, baridi ya huku haipigi hodi," alisema. Wakaziba nyufa za dirisha pamoja. Wakaziba chini ya mlango. Wasikilizaji wapendwa, waliziba kila ufa.

Baada ya wiki mbili, kichwa kikaanza kumuuma.

Aliamka mzito, kama amebebeshwa gunia. Kichefuchefu. Magoti yamelegea. Alimpigia mdogo wake, ambaye ni mkunga. Mkunga, wasikilizaji, mtu anayejua maradhi. Mdogo mtu akamwambia, "Dada, huo ni upweke na baridi. Kunywa maji mengi, jifunike, lala."

Alilala. Aliamka vibaya zaidi.

Lakini Jumamosi ilikuwa siku yake. Kila Jumamosi alipanda treni asubuhi na kwenda kuiona nchi. Alikwenda mji wa bandari, akahesabu meli. Alishuka kwenye mgodi wa chumvi na kofia ngumu kichwani. Alisimama kando ya ziwa ambalo miaka yote alilichora ubaoni kwa chaki. Kutoka pale alimtumia mdogo wake ujumbe wa sauti, upepo unavuma: "Nimelikuta! Tena nilikuwa nalichora vibaya, lina pembe upande wa kushoto. Kichwa? Kichwa gani? Leo sina kichwa mimi!"

Mdogo wake akamtania: "Basi huumwi kichwa, unaumwa masomo."

Wakacheka tena. Hakuna aliyeona lililokuwa mbele ya macho. Nje, kichwa chepesi. Ndani, kichwa kinapasuka. Nje, mzima. Ndani, mgonjwa.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne moja jioni alizungumza na mumewe kwa simu ya video. Aligeuza simu amwonyeshe chumba. Kamera ikapita kwenye hita. Mumewe anasema moyo ulimruka. "Mimi moto ndiyo kazi yangu. Moto wa gesi ukiwa mzima ni wa bluu. Ule ulikuwa wa njano, unayumba kama mlevi. Nikamwambia, mke wangu, moto huo haupati hewa. Usikae nao."

Hakupuuza. Jioni ileile alimweleza mama mwenye nyumba. Naye hakupuuza, alimpigia fundi palepale. Fundi akasema ana kazi nyingi, atakuja Jumatatu. Jumatatu haikuwa mbali. Na Jumamosi, Mwalimu Ramani alikuwa na safari ya milimani, tiketi iko mkobani.

Jumamosi ikaja na upepo. Miti ilianguka kwenye reli, treni zikasimamishwa zote. Akarudi kutoka kituoni, akavua viatu, akasema si neno, ataandika kazi ya chuo. Saa tatu asubuhi alimgongea jirani. Binti yule anasimulia:

"Aliniuliza kama na mimi kichwa kinaniuma. Nikasema kidogo. Akaniambia, 'Fungua dirisha lako, mwanangu, baba watoto haipendi hita ile.' Nikafungua. Nikamuuliza, na lako Shangazi? Akasema atafungua akimaliza ukurasa, vidole vikiganda hawezi kuandika."

Saa nane mchana binti alimpelekea chai. Aligonga. Aligonga tena. Mwalimu Ramani alikuwa mezani, shavu juu ya daftari. Dirisha lilikuwa bado limefungwa. Daktari alimwambia binti kwamba dirisha alilolifungua chumbani mwake ndilo lililomwokoa yeye.

Fundi alifika Jumatatu, kama alivyoahidi. Ndani ya bomba la kutolea moshi wa hita alikuta kiota kikuukuu cha ndege. Hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, ilikuwa inarudi chumbani. Kukitoa kiota kulimchukua dakika kumi. Mama mwenye nyumba alikaa kwenye ngazi hadi jioni.

Mdogo wa marehemu hajajisamehe. "Nilimwambia alale," anasema. "Ndani ya chumba kile, nilimwambia alale." Na mumewe anasema hivi: "Nilimwonya mara moja. Sikutaka kurudia, asije akadhani namnyima raha yake. Ningesema mara kumi."

Tunawapa pole mzee wetu wa karakana, watoto wao wawili, mdogo wa marehemu, na wanafunzi wote waliojifunza dunia kutoka mkononi mwake. Mungu awape subira. Binti wa famasia, popote ulipo, pole na wewe.

Nanyi mlio na ndugu mbali, akilalamika, msimuulize tu kama amekula. Muulizeni anaishi chumba gani, na kikoje. Na wewe unayenisikiliza huku umefunga mlango, jiko la mkaa liko ndani kwa ajili ya baridi, usingoje nimalize kusema. Inuka. Fungua sasa hivi.