Harrison Mwaisumo na Mstari wa Nadenru

Marehemu Harrison Anyelwisye Mwaisumo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 kijijini Nadenru, katika milima ya Rungwe, Tanzania. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Anyelwisye, mchimba makaburi wa kijiji. Wengi wenu mlimjua kama fundi Harrison na hamkuwahi kuisikia Nadenru, kwa hiyo mtanivumilia kidogo. Mimi ni Tusajigwe, mtoto wa kaka yake, na baba mdogo haelezeki bila kijiji chake.

Nadenru ilianzishwa mwaka 1899 na familia tano za Wajerumani waliokuja na Biblia, mbegu za viazi na kalibu za matofali. Babu zetu walihamia kando yao, wengine kwa imani, wengine kwa kukimbia ugomvi wa machifu. Tusipambe mambo: Wajerumani waliishi nyumba za vigae na babu zetu za nyasi, na aliyechelewa kazini alichapwa. Kaburini ndiko walikolingana. Kanisa lao halikuzika watu kwa koo. Lilizika kwa zamu, kwenye mstari mmoja, kila mtu pembeni ya aliyemtangulia kufa, awe mchungaji, awe mtoto wa mpagazi, na mawe yote ya kimo kimoja. Na kila baada ya maziko, kabla watu hawajatawanyika, ndugu wa marehemu alipiga jembe la kwanza la kaburi linalofuata. Likishachimbwa lilifunikwa mbao, likasubiri. Waingereza walipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, wakati wa vita, shimo lilibaki wazi, na aliyeingia akawa bibi mmoja wa Kinyakyusa. Mstari ukaendelea bila wao.

Baba mdogo alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, 1966 hadi 1972, kisha akajifunza uashi mjini Mbeya. Shuleni walimtania kwa kumwita mtoto wa shimo, naye akawaambia wamheshimu, maana baba yake ndiye atakayewapokea wote. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Subilaga, mwanamke mwenye sauti iliyoishinda kengele ya kanisa, wakajaliwa watoto wawili.

Alifika hapa Maskati, Oman, mwaka 1998 kujenga ukuta wa nyumba ya familia ya Bi Khulood, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Familia ile ina asili ya Unguja, kwa hiyo lugha haikumpa shida. Ukuta uliisha kwa miezi miwili, yeye akabaki miaka ishirini na saba. Alijenga, alitunza bustani, aliwapeleka watoto wa nyumba ile ufukwe wa Qantab kuogelea. Milima ya huku hakuipenda. Alisema imenyolewa.

Subilaga alifariki mwaka 2009. Baba mdogo alifika nyumbani wakati udongo umesharudishiwa, akapiga jembe la kaburi la pembeni yake, akiomba moyoni liwe lake. Wiki ileile akafa mzee mmoja wa kanisa, mtu ambaye Subilaga hakumpenda hata kidogo, akalazwa pale. Baba mdogo alicheka mpaka akalia. Tangu hapo alinipigia simu kila mwezi kuuliza mstari umefika wapi. Alitaka kujua atalala mbali kiasi gani na mkewe.

Aprili 2024 mlima uliporomoka kwa mvua. Tunamshukuru Mungu watu walikuwa wameshahamishiwa kambini, kwenye mahema, lakini kanisa, nyumba za vigae na mstari wote vilikwenda bondeni, pamoja na lile shimo lililokuwa likimsubiri mwenye zamu. Watu wamekatazwa kurudi. Mimi ndiye niliyempa habari. Akauliza, "Na Subilaga?" Nikamwambia hapaonekani kitu. Hakuniuliza tena habari za mstari.

Figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua. Mwaka huu zilimlaza kabisa, nikaja kumuuguza, na tarehe 9 Novemba 2025, asubuhi, akatutoka nikiwa nimemshika mkono. Bi Khulood alikuja na machozi yake, akasema, "Mie nna kila kitu, tiketi, sanduku, vibali. Niambieni tu wapi nimpeleke." Tulikuwa sebuleni, watoto wa marehemu wakisikiliza kwenye simu. Tungempeleka wapi? Kwenye mahema? Inauma, ndugu zangu. Nyumbani pakiondoka, hata ukipewa ndege nzima utafanya nini nayo?

Mahali pake palikuwa hapa, kwenye makaburi haya, na ninyi wa kanisa lake la Maskati mnajua. Kwa miaka mingi, kila mlipozika, alimwomba Kamau wa mashine ya kuvunja miamba afungue kaburi linalofuata kabla watu hawajaondoka. Baadhi yenu mlisema ni uchuro. Yeye aliwajibu, "Shimo si la mtu, ni la zamu. Asije mtu akakosa pa kulala." Aliyezikwa mwisho ni mtoto mchanga wa dada Beryl, mwezi wa Agosti. Baba mdogo alisimama hapa hapa, miguu imevimba, akapima upana wa shimo lililofuata. Ndilo hili. Dada Beryl, najua hukuomba jirani, lakini huyu alipenda watoto.

Ameacha watoto wawili, Lugano na Sekela, ambao wako kambini Rungwe na hawakupata viza, wajukuu wanne, mimi, na nyumba nzima ya Bi Khulood.

Sululu yake, aliyoinunua soko la Matrah, iko hapa miguuni pangu. Anayeanza ni ndugu wa marehemu, na ndugu hapa niko peke yangu. Jana nilimwomba Kamau asilete mashine. Nilisema yaishie kwa baba mdogo, tumechoka. Kamau akaniuliza kwa upole, atakayefuata tumlaze wapi? Lilikuwa swali lile lile la Bi Khulood, nikamwambia ailete.

Basi tukishamfukia, msitawanyike. Nitapiga la kwanza la kaburi linalofuata. Sijui ni la nani kati yetu, na sina uwezo wa kuzuia.

Pumzika kwa amani, baba mdogo. Wewe umepata pa kulala.