Samaki wa Muzafaru Wanaopepewa

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Jua lilikuwa kali tangu saa mbili asubuhi, angani hakuna wingu, nami nilimshukuru Mungu kwa kiti cha kivulini katika teksi, basi dogo la abiria, ya kutoka Rwekubo kwenda Mbarara.

Mbele yangu Muzafaru, mwuza vitambaa wa mjini, alimlilia abiria wa kando yake kuhusu samaki wa baharini anaowafuga sebuleni, ndani ya tangi la kioo. Abiria huyo alikuwa Gaudiose, Mrundi anayeuza maziwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

“Mama, maji inakuwa moto sana. Juzi niliweka barafu ndani, samaki moja akakufa. Wamebaki wawili.”

“Ile barafu imeyeyuka, ikapunguza chumvi, baba. Uifungie ndani ya chupa. Na kifuniko ukitoe, upepo upite juu ya maji. Miye maziwa yangu nayafunika na gunia lililoloa, upepo unayapoza.”

Muzafaru alisema umeme ukikatika, mkewe Safiyah huwapepea samaki kwa mkeka mchana kutwa.

“Na huyo Safiyah, nani anamupepea?” Gaudiose akauliza.

Muzafaru akatazama dirishani. Yeye alitaka ushauri wa samaki tu.

“Ndoa yenu ina miaka ngapi?”

“Kumi na tisa.”

“Na samaki?”

“Miezi minne.”

Teksi nzima ilicheka, hata mimi niliyekuwa katikati ya rozari.

Tuliposimama Ruharo, mjini Mbarara, Muzafaru alishuka, kisha akarudisha kichwa mlangoni. “Nyinyi wote mashahidi. Kifuniko nitatoa leo. Na Safiyah nitamupepea mimi, kwa mkono yangu, mpaka umeme irudi.”