Nilivyovaa Pumzi Yangu Mbele ya Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mmeitikia wa mbele tu. Huko nyuma chai haijawafikia? Haya, Bwana asifiwe tena. Hapo sawa.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Naserian. Nimezaliwa Kakesio, nikaolewa hukohuko, na tangu baba Naserian alipotangulia naishi hapa Karatu kwa mwanangu wa kiume. Mchungaji amenipa nafasi ya kushuhudia na ameniomba nisirefushe. Nitajaribu. Lakini jambo hili nimelibeba muda mrefu, na leo sirudi nalo nyumbani.

Ndugu zangu, kuna miaka nilikuwa silali. Macho nilifumba, lakini kila nikipitiwa na usingizi koo linajifunga. Naamka nimekabwa, nahema, kanga imelowa jasho. Marehemu mume wangu alizoea kunitikisa bega nipate pumzi. Alipokufa nikabaki na watu wa kuniambia kwamba ni jinamizi. Wengine wakasema nimetupiwa kitu. Nilifunga, nikaombewa, nikawekewa mikono kichwani mpaka nikadhani nywele zitaisha. Na mizizi nilikunywa pia, nisiwafiche, wala haikunisaidia.

Mchana ndipo usingizi unanifuata. Nilisinzia nikikamua, ng'ombe akapiga teke kibuyu na maziwa yote yakanywewa na ardhi. Nilisinzia humu humu kanisani, nikakoroma mpaka Mchungaji akanyamaza katikati ya mahubiri ili mimi nimalize kwanza. Mlicheka sana siku ile. Nami nilicheka na ninyi, kisha nikaenda nyuma ya jengo nikalia peke yangu.

Siku moja natoka Ganako kwenye msiba, nimepanda bodaboda. Kijana anaendesha taratibu kabisa, hana kosa. Mimi nyuma nikasinzia, nikaanguka kama gunia la maharage. Nikavunjika mfupa wa bega. Hapo ndipo Bwana alipoanza kazi yake, ingawa mimi niliona ameniacha. Maana nililazwa hospitali, na muuguzi aliyekuwa zamu akaniona nimelala, akaona pumzi inakatika, inakaa, kisha inarudi kwa kishindo. Akamwita daktari. Nikatumwa kwenye vipimo, na mwisho daktari akaniambia, "Mama, hakuna anayekukaba. Ni koo lako lenyewe linalegea ukilala, linaziba njia ya hewa. Ukiendelea hivi, siku moja moyo utachoka."

Watoto wangu walishikana mikono wakaninunulia mashine. Ni ndogo, kama redio ya mezani. Ina bomba, na mwisho wa bomba kuna kitu cha kufunika pua, kinafungwa kichwani kwa mikanda. Ukiwasha inakusukumia hewa, koo halipati nafasi ya kujifunga. Siku ya kwanza niliamka kumekucha, kichwa hakiumi, najisikia kama msichana. Nilikaa kitandani nikamshukuru Mungu mpaka mkwe wangu wa kike akaja kuuliza kama naumwa.

Mngedhani ushuhuda umeishia hapo. Hapana, ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kuificha. Nikivaa kile kitu nafanana na ndama aliyefungwa mdomo aachishwe kunyonya. Mashine niliifunika kitenge, mlango naufunga kwa komeo, na mgeni akilala kwetu mimi nakesha. Tena kuna mama mmoja wa maombi, simtaji, yumo humu na tulishapatana, aliniambia kumtegemea Mungu na kutegemea umeme haviendi pamoja. Maneno yake yaliniingia.

Basi ikaja habari ya Naserian. Binti yangu ni muuguzi, yuko Ujerumani na mume wake anayesoma huko. Alikuwa na mimba ya pili, na mimba ikasumbua. Madaktari wakamwambia alale, asisimame, asibebe hata kikombe. Nyumbani ana mtoto mdogo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mume wake naye alikuwa amekuja huku, Ololosokwan, kumzika baba yake. Naserian alinipigia simu analia, na binti yangu si mtu wa kulia, namjua. Akasema, "Yeyo, njoo." Yeyo kwetu ni mama.

Nikasema nakwenda. Kaka yangu akasema nitafia angani. Yule mama wa maombi akasema, ukienda, mashine iache, iwe safari ya imani. Nikawaambia wote wawili kwamba mwanangu ameniita na nitakwenda, wao wachague tu kama wataniombea au watanisindikiza. Daktari yeye hakunizuia. Alinipa barua ya kuonyesha kwamba mashine ni ya matibabu, akaniagiza mambo matatu: isiende tumboni mwa ndege pamoja na mizigo mingine, maji yake ya kulowesha hewa yamwagwe kabla ya safari, na nisilale ndani ya ndege bila kuivaa. "Huko juu hewa ni nyepesi," akasema. "Koo likiziba huko ni hatari kuliko hapa."

Lo! Lile la tatu ndilo lililoniua kabla sijafa, maana nilikuwa nasafiri na mkwe wangu, mume wa Naserian, aliyekuwa anarudi baada ya kumzika baba yake.

Ninyi wenzangu Wairaqw na wengine mliotoka mbali, ngojeni niwaeleze. Kwetu Wamaasai, mkwe wa kiume na mama wa mke wake wanaheshimiana mpaka mgeni anaweza kudhani wamegombana. Yeye hali mbele yangu, nami sili mbele yake. Tukikutana njiani mmoja anapisha. Jina lake silitaji, naye langu halitaji. Tunaitana Paker, kwa sababu ya kondoo aliyenipa alipomwoa binti yangu. Sasa nilale mbele yake, nimefungwa usoni kama ndama? Bora nitembee kwa miguu mpaka Ulaya.

Yeye aliomba viti vya mbali, mmoja mbele, mmoja nyuma. Lakini siku ya safari ndege ikabadilishwa, viti vikapangwa upya, na ndege imejaa. Tukajikuta bega kwa bega. Hata kabla ya hapo, kwenye ukaguzi, askari wa kike aliniambia nitoe mashine kwenye begi. Akaiweka mezani pale, bomba linaning'inia, watu wanapita. "Mama, hii ni nini?" Nikageuka kuona kama mkwe wangu anatazama. Nikamkuta ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu alivyovaa havina kamba.

Ndugu zangu, niliingia ndani ya ndege ile nimeazimia kutolala. Ilikuwa mchana kweupe, nikaona nitaweza. Tatizo ni kwamba usiku wa kuamkia safari sikulala kabisa, nilikuwa nafunga mizigo na kuhangaika. Nikaomba, "Bwana, nizuie usingizi mpaka tufike." Nilijifinya, nikaimba kimoyomoyo nyimbo zote za kwaya ninazozijua. Watu wakafunga vidirisha, ndege ikawa na kiza cha kibanda, mngurumo ukawa uleule, uleule.

Nilishtuka nimekabwa. Sijawahi kukabwa hivyo, hata Kakesio. Natafuta hewa siioni, mkanda umenibana, mikono inapiga kiti cha mbele. Ilipoingia nilitoa sauti ambayo sitaki kuieleza mbele ya watoto. Watu wamegeuka wote. Mkwe wangu amesimama kwenye njia ya katikati, mgongo kwangu, anamwita mhudumu kwa mkono. Mhudumu akaja mbio, akanipa maji, akanena nami kwa Kiingereza, na mkwe wangu akanitafsiria bila kugeuka. "Anasema mashine yako ina ruhusa, soketi iko chini ya kiti. Anauliza akusaidie kuivaa?"

Mnajua nilijibu nini? Nilisema, "Mwambie nashukuru, siihitaji."

Nilisema hivyo huku kifua bado kinapanda na kushuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilikuwa tayari kimeshaniumbua mbele ya ndege nzima, lakini bado nakataa. Ndivyo aibu ilivyo, ndugu zangu. Nilikuwa radhi nife na heshima yangu, na binti yangu amelala kule anahesabu vigae vya dari.

Mkwe wangu, mgongo uleule kwangu, akasema kwa Kimaasai, polepole, kama mtu anayeomba radhi kwa kusema: "Paker, Naserian anakungoja wewe. Hangoji heshima yangu."

Halafu akakaa. Akatoa shuka lake jekundu kwenye begi, akajifunika kuanzia kichwani mpaka magotini, akageukia upande wa pili. Akabaki hivyo, kama mzigo umesahauliwa kwenye kiti. Abiria wa upande wa pili wa njia alimtazama akadhani pengine anaogopa ndege.

Nililia hapo. Sikulia kwa aibu, hiyo ilikuwa imeanza kuondoka. Nililia kwa sababu nilimwomba Mungu aninyime usingizi, naye usingizi alikuwa amekwisha kuuwekea njia. Aliyetia pumzi puani mwa mtu wa kwanza hakuona haya kusogeza uso wake karibu. Sasa mimi ni nani wa kuona haya kuipokea? Nikajiambia, wewe mama, umezaa, umezika, umefukuza fisi kwa kijinga cha moto, utashindwa na mikanda miwili ya kichwani? Nikaitoa mashine. Mhudumu akachomeka waya. Nikaivaa, nikakaza mikanda kwa mikono yangu mwenyewe, hewa ikaja. Nikalala.

Nililala, ndugu zangu! Nilikuja kuamka ndege inashuka. Nikaivua, nikaikunja, nikakohoa kidogo ili ajue. Ndipo shuka likashuka. Jasho lilikuwa linamtiririka. Chakula chake kilikuwa kimerudishwa kama kilivyoletwa. Alichukua begi la mashine akalitundika begani kwake, akatangulia mbele kunitafutia njia. Kwenye ndege ya pili hatukuhitaji kujadiliana. Alitoa shuka, nami nikatoa mashine.

Nilifika mzima. Nawaambia nilifika nina nguvu, kwa sababu kazi ilikuwa inaningoja mlangoni: mjukuu mmoja wa kubeba, aliyekuwa ameachwa kwa jirani, uji wa kupika kwenye jiko lisilo na moto wa kuonekana, na Naserian ambaye sasa alikuwa amelazwa hospitali. Nilikaa kitandani kwake mchana, nikamkanda miguu, nikamsimulia habari za watu wote wa hapa, za kweli na za kusikia. Alipojifungua alikuwa ameshika mkono wangu, nami nilikuwa macho, sisinzii. Ni msichana. Ni huyu hapa mliyemwona akibatizwa asubuhi hii, aliyemlilia Mchungaji kama amemwagiwa barafu.

Na siku moja kule Naserian akaniuliza kama shirika la ndege lilinisumbua kuhusu mashine. Nikasema hapana, walikuwa na habari zangu tayari, nilishangaa. Akacheka. Akasema ni mume wake aliyewapigia simu, akaomba ruhusa, akauliza soketi, akauliza kama betri yake inakubalika. Alijua siku zote. Alijua hata nilipokuwa nafunga mlango kwa komeo. Alinyamaza ili nisijue kwamba anajua.

Kurudi nilirudi peke yangu, wao wamekuja sasa kwa ubatizo huu. Askari akauliza hii ni nini, nikamwambia kwa sauti, "Ni mashine ya kupumulia, nina maradhi ya koo kufunga nikilala, na barua ya daktari hii hapa." Kwenye ndege niliivaa kabla hata hatujaletewa chakula. Mzee wa kizungu jirani yangu akanionyesha kidole gumba, akafungua begi lake. Naye alikuwa nayo.

Ndugu zangu, simalizi bila kuwaambia ninyi. Humu ndani kuna mtu anayeweka vidonge vyake kwenye kopo la sukari ili mke asivione. Kuna mtu haoni maandishi ya kitabu cha nyimbo lakini miwani ameiacha nyumbani. Kuna mtu usiku anakabwa kama nilivyokabwa, na anasema ni jinamizi. Nenda kapimwe. Chukua ulichopewa ukitumie. Mtegemee Bwana, yeye hana wivu na daktari. Kama unaogopa kwenda peke yako, mlango wangu siku hizi hauna komeo, njoo tufuatane.

Jambo la mwisho, na Mchungaji nakaa chini. Mmeona tangu nianze nimesimama upande, mnaona bega langu tu. Ni kwa sababu baba wa mtoto aliyebatizwa ameketi benchi la mbele, na mimi siwezi kumtazama usoni. Tangu siku ile sijamwambia neno la asante, sikuwa na pa kulisemea. Leo nimepata mahali.

Paker, nililala. Nilifika. Ashe oleng.

Amina.