Jaribio Lililowekwa Kando

BABU NURDINI: Haloo? Nani mwenzangu hapo?

NAJIATI: Babu, si umenipigia wewe?

BABU NURDINI: Nimepiga ndiyo, lakini juzi kapokea mwanaume, nikakata.

NAJIATI: [anacheka] Huyo nafanya naye kazi. Shikamoo babu.

BABU NURDINI: Marahaba, mke wangu. Bibi yako hapa Tabora anakusalimia, anasema umemwibia mume na hata kumtunza humtunzi.

NAJIATI: Mwambie namrudishia. Babu, niko ofisini, kuna—

BABU NURDINI: Sikuchelewishi. Niko Kitete, hospitali, nimetoka nje ya wodi kidogo—

NAJIATI: Unaumwa?

BABU NURDINI: Mimi mzima, ni goti tu. Nimekuja kumwona Yoramu, yule mtoto wa Teofili wa Ulyankulu. Wale mliowafungia mashine yenu ya kuongoza moto kwenye bani lao la kukaushia tumbaku. Mabomba ya moto ya bani lile nimeyakunja mimi na bati langu, wewe hujazaliwa. La kwanza nililikosea, moshi ukarudi ndani, Teofili akatoka mle mweusi kama chungu—

NAJIATI: Babu. Yoramu kafanya nini?

BABU NURDINI: Bani limeungua. Hujasikia?

NAJIATI: Nimesikia kuna bani limeungua.

BABU NURDINI: Ndo hilo. Kaungua mikono yote miwili, mama. Bandeji mpaka viwikoni.

NAJIATI: Na baba yake?

BABU NURDINI: Yuko pale nje kwenye benchi, hatusikii. Kaja tangu asubuhi, wodini haingii. Yule bosi wako, Hilari, alifika mpaka kwao, akasema mbele ya watu kwamba mashine haina kosa, imepimwa yote ikafaulu, kijana ndo alilala. Na huku kwetu mlinda moto kulala, unajua mwenyewe. Hata mchumba hapewi. Teofili kasema hana mtoto wa hivyo.

NAJIATI: Yoramu mwenyewe anasemaje?

BABU NURDINI: Anasema umeme ulikatika, ukarudi, taa ya kijani ikawaka. Akajua mashine inaendelea kuubana moto kama mlivyomfundisha. Kumbe kile kibati cha kuzibia hewa kimebaki wazi, moto unavuta tu, unavuta... Haloo?

NAJIATI: Nakusikia.

BABU NURDINI: Leo kaniambia, babu, labda nililala kweli. Kaambiwa mpaka kaamini. Sasa nakuuliza, mimi sikusoma. Umeme kukatika na kurudi, hilo mlilipima?

NAJIATI: Babu, mtandao unakata—

BABU NURDINI: Haukati. Nasikia mpaka unavyohema.

NAJIATI: Ni hivi. Tuna bani la kuigiza, liko ndani ya kompyuta, moto wake si wa kweli. Humo napanga majaribio. Kuni zizidi, joto lipande, umeme ukatike. Yakikamilika yanatolewa, mafundi wanakwenda kuyarudia kwenye mashine yenyewe.

BABU NURDINI: Haya.

NAJIATI: Sasa ni mengi. Nikaandika skripti, yaani maagizo unayoiachia kompyuta, inachota majaribio yenyewe na kuwatolea mafundi.

BABU NURDINI: Na hilo la umeme likatoka?

NAJIATI: Lilikuwa linagoma. Umeme ukirudi, kibati kinabaki wazi. Hilari akasema liweke kando kwanza, wakulima wanasubiri mashine. Nikaiagiza skripti ichote yaliyofaulu tu.

BABU NURDINI: Yaliyofaulu tu.

NAJIATI: Nilitaka nirudi nilirekebishe. Wallahi, babu.

BABU NURDINI: Mafundi wakapima hayo mliyowapa, yote yakafaulu.

NAJIATI: Ndiyo.

BABU NURDINI: Kuna mtu Sikonge alikuwa anafunga robota la tumbaku hivyo hivyo. Majani mazuri juu, yaliyooza katikati.

NAJIATI: Babu, usiseme hivyo.

BABU NURDINI: Huyo aliharibu bei tu. Hakumchoma mtu.

NAJIATI: [analia kidogo] Nikisema nafukuzwa. Hilari keshatuonya wote.

BABU NURDINI: Sijakwambia ukaseme redioni. Mwambie Teofili peke yake. Mimi nikimwambia atasema Nurdini anamtetea kijana, fundi bati anajua nini cha kompyuta. Wewe anakuamini. Alikubali mashine kwa sababu nilimwambia mjukuu wangu ndo kaipima. Ngoja nampelekea simu.

NAJIATI: Babu, hapana, subiri—

BABU NURDINI: Teofili, shika. Ni Najiati.

TEOFILI: Haloo? Mama, hujambo?

NAJIATI: Shikamoo baba.

TEOFILI: Marahaba, mwanangu. Nilikuwa natafuta njia ya kuwapata. Huyu kijana wetu kawaharibia mashine yenu. Mtusamehe sana.

NAJIATI: Baba...

TEOFILI: Mzee Hilari katueleza vizuri. Mliipima yote. Nyie mlifanya kazi yenu.

NAJIATI: Baba, ile mashine...

TEOFILI: Mama? Ulitaka kuniambia kitu?

NAJIATI: Pole, baba. Poleni sana.

TEOFILI: Tumeshapoa. Mungu akubariki kwa kutujali. Mzee, chukua simu yako.

BABU NURDINI: Haloo. Umemwambia?

NAJIATI: Babu, naitwa kwenye kikao.

BABU NURDINI: Kanyanyuka huyu. Anachukua baiskeli yake.

NAJIATI: Babu, nitakupigia jioni, nita—

BABU NURDINI: Anatoka getini, kijana hajamwona.

NAJIATI: Babu?

BABU NURDINI: Haya, Najiati. Wahi kikao chako.